Kumwandaa Mwalimu wa Viziwi: Mtihani, Lugha ya Alama na Kiswahili cha Maandishi



Nilipoombwa kutoa mhadhara huu, nadhani waandalizi walitarajia kwamba ningezungumzia viambishi vya kitenzi cha Kiswahili, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi iliyonilisha kwa zaidi ya miaka thelathini. Viambishi vitakuwapo, msiwe na wasiwasi. Ila nimependa kuvitazama nikiwa mahali ambapo sisi wanaisimu wa Kiswahili hatuna mazoea ya kukaa, yaani kwenye dawati la mtu anayejiandaa kwa mtihani utakaompa cheti cha kufundisha wanafunzi viziwi. Mtu huyu hutakiwa awe na lugha mbili, Lugha ya Alama na Kiswahili. Hutakiwa pia aelewe jinsi mtoto asiyesikia anavyovuka kutoka katika ile ya kwanza kuingia katika hii ya pili. Nakusudia kueleza ajue nini, kwa nini ajue, na mtihani utambueje kwamba anajua. Katika hilo la mwisho nina deni la kulipa, nami nitalifikia.

Nianze na majina, maana mtahiniwa akikosea jina atakosea na mengine. Tanzania tunasema Lugha ya Alama, na kwa ufupisho LAT. Wenzetu wa Kenya husema Lugha ya Ishara. Sioni haja ya kugombania istilahi hizo, kwa kuwa kila moja imekwisha kukubaliwa na wenyewe huko inakotumika. Neno la kuepukwa ni "bubu". Kiziwi hakukosa sauti. Alichokosa ni kusikia, na akipewa lugha kwa wakati wake huzungumza saa nzima kwa mikono bila kuchoka. Kuhusu neno "kiziwi" lenyewe, wapo wanaosema kwamba kiambishi ki- kinamshusha mtu hadi ngeli ya vitu, kama katika "kipofu", "kiwete" na "kilema". Hoja hiyo ina uzito wake wa kihistoria. Hata hivyo, upatanisho wa kisarufi haumshushi: husema "kiziwi amekuja", wala husemi "kiziwi kimekuja". Ni jambo la kuzingatiwa pia kwamba wakati wasioona wa Tanzania wamechagua kujiita "Wasioona" katika jina la chama chao, viziwi wamelishika neno lao, na chama chao ni Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA. Mimi nitawafuata wao.

Historia fupi

Mnamo mwaka 1880 walimu wa viziwi walikutana Milan, nchini Italia, wakapitisha azimio kwamba viziwi wafundishwe kwa njia ya kutamka na kusoma midomo, na kwamba alama ziondolewe madarasani. Karibu wajumbe wote walikuwa watu wanaosikia. Azimio hilo lilitawala shule za Ulaya na za kwingineko kwa muda wa karne nzima, na ni mwaka 2010 tu, huko Vancouver, ambapo mkutano wa kimataifa wa elimu ya viziwi uliyakataa rasmi maamuzi ya Milan. Kati ya tarehe hizo mbili kulitokea jambo moja la kitaaluma. Mwaka 1960 William Stokoe, mwalimu wa Kiingereza katika chuo cha viziwi cha Gallaudet mjini Washington, alichapisha uchambuzi ulioonesha kwamba alama za viziwi wa Marekani zina muundo wa ndani unaolingana na fonolojia ya lugha za sauti. Wenzake wengi walimcheka.

Miaka mitatu tu baada ya chapisho hilo, mwaka 1963, shule ya kwanza ya viziwi nchini kwetu ilifunguliwa Tabora na Kanisa Katoliki. Shule ya Buguruni, Dar es Salaam, ilifuata mwaka 1974. Habari za Stokoe zilikuwa bado hazijafika huku. Zilizofika ni zile za Milan. Mkondo mwingine ulioingia Afrika ulitokana na Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyekuwa kiziwi, aliyeanzisha shule yake ya kwanza Ghana mwaka 1957 na nyingine nyingi baadaye, hasa Afrika ya Magharibi na ya Kati, Kongo ikiwamo, hadi alipofariki katika ajali ya ndege nchini Rwanda mwaka 1987. Foster alifundisha kwa alama, lakini nyingi kati ya alama zake zilikuwa na asili ya Marekani. Kwa hiyo mtahiniwa asishangae akikuta katika madarasa yetu alama za wenyeji, alama za kigeni na mazoea ya kulazimisha midomo, vyote vikiishi chumba kimoja. Mwanaisimu anayeijua pwani yetu hatasumbuliwa na mchanganyiko huo. Hata Kiswahili kilikopa bila kupoteza sarufi yake.

Uchunguzi wa kiisimu ulianza kwetu kwa kuchelewa, lakini ulianza. Nchini Kenya, Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha mradi wa utafiti wa Lugha ya Ishara ya Kenya mwaka 1991. Hapa Tanzania CHAVITA ilishughulikia kamusi, na katika miaka ya mwanzo ya 2000 mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliiingiza LAT katika orodha ya lugha za nchi zinazostahili kuandikiwa kamusi. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 iliitaja lugha ya alama miongoni mwa malengo ya taifa, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliifanya Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha tatu rasmi za Bunge.

Sarufi iliyo mikononi

Mtahiniwa anayejiandaa hukariri kwanza kwamba alama ina vijenzi vitano: umbo la kiganja, mahali inapofanyiwa, mwendo, mwelekeo wa kiganja, na mambo ya uso na mwili. Akiishia hapo atapata alama za swali la kwanza na hatajua lolote. Ni sawa na mwanafunzi wa Kiswahili anayetaja irabu tano asiweze kueleza kwa nini "pata" si "bata". Kilicho muhimu ni kwamba kijenzi kimoja kikibadilika, vingine vikibaki, maana hubadilika au hupotea. Hiyo ndiyo jozi mlinganuo finyu, na kila mtahiniwa angefaa kukusanya zake mwenyewe kutoka kwa wazungumzaji viziwi. Asizitafute katika kitabu peke yake, kwa sababu picha ya kamusi haina mwendo.

Sasa tuje kwenye viambishi nilivyoahidi. Chukueni kitenzi "nilimpa". Kiswahili kimepanga mofimu nne katika mstari: mtenda, wakati, mtendewa na mzizi. Katika LAT, kama katika lugha nyingi za alama zilizochunguzwa, mkono wa kitenzi "-pa" huanzia kwa mpaji na kuishia kwa mpewa. Mtenda na mtendewa hawakuachwa. Wamo ndani ya mwelekeo wa mwendo. Wakati ndio haumo katika kitenzi. Hutajwa mapema, kwa alama kama ya "jana" au "zamani", na habari yote inayofuata husomwa chini ya kivuli chake hadi utajwe wakati mwingine.

Kwa nafsi ya tatu, msemaji humtaja mtu na kumpa mahali hewani, tuseme kulia kwake, na mwingine akampa mahali kushoto. Toka hapo kila kitenzi cha namna hiyo husafiri kati ya mahali hapo. Linganisheni na sentensi yetu: "Juma alimpa Asha kitabu, kisha akampa Rehema." Nani alimpa Rehema, Juma au Asha? Kiambishi a- hakisemi, kwa sababu kinawabeba wote. Katika Lugha ya Alama swali hilo haliwezi kuzuka, kwa kuwa mkono umetoka ama kulia ama kushoto. Nimewahi kuwauliza wanafunzi wa shahada ya uzamili ni lugha ipi kati ya hizo mbili iliyo na upatanisho makini zaidi, wakanitazama kana kwamba nimekitukana Kiswahili.

Si vitenzi vyote vinavyosafiri hivyo. Vitenzi vingi vya hisia na fikra, mfano wa "penda" na "jua", hukaa mwilini, na mtenda hana budi kutajwa pekee. Mtahiniwa anayevirusha vitenzi vyote hewani ni sawa na mgeni anayesema "kitabu amenunuliwa".

Jambo jingine linalowavutia Waswahili, na kuwapotosha, ni maumbo ya kiganja yanayosimama mahali pa kitu: umbo moja kwa chombo cha usafiri, jingine kwa mtu asimamaye, jingine kwa kitu cha mviringo. Wanafunzi wangu hukimbilia kuandika kwamba "LAT ina ngeli". Ni ukaribu wa kufikirisha, kwa maana ngeli zetu nazo zina mabaki ya maana za umbo na ukubwa. Ila ngeli hutawala upatanisho wa nomino katika sentensi nzima, nayo maumbo haya hueleza jinsi kitu kilivyokaa na kinavyokwenda. Kwa mkono mmoja mzungumzaji atakuonesha basi likipanda mlima kwa taabu, likiyumba, likisimama ukingoni. Kwa Kiswahili tungehitaji sentensi tatu na kielezi cha ziada.

Kisha kuna uso. "Amekuja" na "Amekuja?" katika Kiswahili hutofautiana kwa kiimbo tu. Katika lugha nyingi za alama tofauti hiyo hukaa kwenye nyusi: nyusi zikipanda ni swali la ndiyo au hapana. Kichwa kikitikiswa wakati mikono inasema, ni ukanushi. Mwalimu anayesikia hupenda kutazama mikono ya mtoto, kwa sababu ndiko anakodhani lugha iko. Mtoto kiziwi humtazama mwalimu usoni. Mwalimu mwenye uso mkavu anafundisha kwa kiimbo kimoja kuanzia saa mbili asubuhi hadi mchana.

Sikio, midomo na herufi moja

Sehemu ya mtihani inayowatisha wengi ni ile ya usikivu. Haistahili woga huo. Audiogramu ni mchoro wenye pande mbili: ukali wa sauti katika desibeli, na wembamba au uzito wake katika hezi. Mtahiniwa aangalie tu anatumia kipimo cha mwaka gani. Vitabu vya zamani huanza kuhesabu upungufu juu ya desibeli 25, ambapo ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 huanzia 20, na uziwi mzito huhesabiwa kuanzia 80. Akumbuke pia kwamba desibeli hazijumlishwi kama shilingi, kwani kila nyongeza ya 10 ni nguvu ya sauti mara kumi.

Ambalo vitabu vya kigeni havitamwambia ni maana ya mchoro huo kwa Kiswahili. Watoto wengi hupoteza kwanza sauti nyembamba. Irabu zetu, ambazo ni nzito na zenye nguvu, hubaki zikisikika. "S", "sh" na "f" hutoweka. Mtoto wa namna hii huonekana anasikia. Ukimwita, hugeuka. Lakini "fika", "shika" na "pika" kwake huweza kuwa neno moja, na mwalimu asiyejua husema kwamba mtoto ni mzito wa kuelewa au ni mkaidi. Baya zaidi, tazameni maneno haya mawili: "atakuja" na "hatakuja". Katika Kiswahili chote hakuna jambo zito kuliko tofauti ya kuja na kutokuja, nasi tumelitundika kwenye "h" moja. Sauti hiyo ni pumzi hafifu, na midomoni haionekani kabisa.

Hapo ndipo ndoto ya kusoma midomo inapovunjika. Simameni mbele ya kioo mseme bila sauti "mama", "baba", "papa". Midomo inafanya kitendo kilekile mara tatu. Kisha semeni "kuku" na "huku": "k" iko nyuma ya kinywa, "h" iko kooni, na kinachoonekana ni mviringo wa "u" peke yake. Mtoto anayekijua Kiswahili tayari huweza kukisia kutokana na muktadha. Yule ambaye bado anakitafuta hana cha kukisia nacho. Nasema haya bila kudharau vifaa vya kukuza sauti wala upasuaji wa kupandikiza kifaa ndani ya sikio, ambao hospitali ya Muhimbili iliuanza mwaka 2017. Wanaosaidiwa na vitu hivyo wasaidiwe. Hata hivyo, mtahiniwa atakuta darasani mwake wengi wasio navyo, na kifaa kilichoisha betri tangu muhula uliopita hakina tofauti na hereni.

Kiswahili cha maandishi

Nimefika kwenye sehemu ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo kiini cha maandalizi, na ndiyo inayopewa kurasa chache kuliko zote.

Sisi Waswahili hujivunia tahajia yetu. Neno huandikwa linavyotamkwa. Mtoto akishajua silabi, anasoma. Fahari hiyo ni ya mtu anayesikia. Kwa mtoto ambaye hakupata kusikia "ba" wala "be", ulinganifu wa herufi na sauti haumpi chochote. Neno "kitabu" kwake ni umbo la herufi sita, linalopaswa kuunganishwa moja kwa moja na maana kupitia alama. Mwalimu anayeanza kwa "a, e, i, o, u" kwa sauti ya pamoja anafungua mlango usiokuwapo.

Shida ya pili ni kwamba neno la Kiswahili halitulii. Mtoto amejifunza umbo "pika". Kesho anakutana na "anapika", keshokutwa "hawakutupikia", mtondo "kilichopikwa". Mwenzake anayesikia amelisikia lile "pik" ndani ya maneno hayo mara elfu kabla ya kuingia darasa la kwanza. Kiziwi hana budi kuoneshwa kwa macho: kukata neno, kuweka vipande katika rangi mbalimbali, kuhusisha kila kipande na jambo ambalo Lugha ya Alama hulifanya kwa njia yake. Kile kiambishi "m" cha "nilimpa" ndicho mwisho wa safari ya mkono. Kile "li" ndicho alama ya wakati iliyotangulia. Ukanushi "ha" ndio kutikisa kichwa. Kwa njia hii mofolojia tuliyodhani ni ya semina inageuka kuwa kifaa cha darasa la tatu, na mwalimu asiyeweza kuchanganua kitenzi hawezi kuifanya kazi hiyo hata akiwa na moyo mwema namna gani.

Sasa mwandiko wa mtoto. Anaandika: "Jana mama samaki pika mimi kula hapana." Mwalimu mmoja atapiga msalaba mwekundu na kuandika "Rudia". Mwalimu aliyeandaliwa atauona wakati umetajwa mwanzoni, mtenda umetajwa pekee, na ukanushi umewekwa mwishoni baada ya kitendo. Huu ni mpangilio wa kueleweka wa mtu anayefikiri katika lugha moja na kuandika katika nyingine, sawasawa na Msukuma au Mluo anayejifunza Kiswahili na kuleta mazoea ya kwao. Tofauti ni kwamba hakuna anayemwambia Msukuma kuwa akili yake ina upungufu.

Jambo moja zaidi. Watoto wengi viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia. Uchunguzi uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2004 ulionesha kwamba chini ya asilimia 5 ndio wenye angalau mzazi mmoja asiyesikia. Kwa hiyo mtoto anayefika shuleni akiwa na umri wa miaka saba au tisa mara nyingi hana lugha kamili ya aina yoyote, isipokuwa ishara chache za nyumbani za kuombea chakula na maji. Akiwa peke yake atabaki nazo. Akiwekwa na wenzake mambo hubadilika: huko Managua, Nicaragua, watoto waliokusanywa katika shule kuanzia mwaka 1977 waliunda lugha mpya kati yao, na wadogo waliokuja baadaye ndio walioipa sarufi iliyotimia. Lakini miaka ya kupata lugha haisubiri. Ndiyo maana sikubaliani na wanaomwona mwalimu huyu kuwa ni mwalimu wa kawaida aliyeongezewa somo moja. Huyu anatoa lugha ya kwanza na ya pili kwa wakati mmoja, kisha afundishe hesabu.

Nchini Kenya watahiniwa viziwi wamekuwa wakiruhusiwa kufanya mtihani wa Lugha ya Ishara ya Kenya mahali pa Kiswahili katika mtihani wa taifa wa kidato cha nne. Ni heshima kubwa kwa lugha yao, nami naiunga mkono, huku nikiona bei yake: kijana anaweza kumaliza shule bila kuandika barua kwa shangazi yake katika lugha anayoisoma shangazi. Hapa Tanzania Kiswahili hakikwepeki katika shule ya msingi, kisha Kiingereza humngoja sekondari. Sina jawabu la kupendeza kwa hilo.

Deni

Miaka mingi iliyopita, chuo kimoja kiliniomba niwe mtahini wa nje wa karatasi ya lugha kwa walimu wanaotaka cheti cha kufundisha viziwi. Karatasi zilikuja na namba bila majina, kama ilivyo ada. Mbili nazikumbuka. Ya kwanza ilikuwa safi: vijenzi vitano vya alama vilitajwa kwa mpangilio, Milan ilikuwapo, Kiswahili kilikuwa fasaha. Nikaipa alama za juu kuliko zote. Ya pili viambishi vyake vilianguka njiani. Mwandishi aliandika kwamba mwalimu lazima "ona macho mtoto kwanza, kisha sema". Kwamba wanafunzi wakae nusu duara ili waonane wao kwa wao. Kwamba mwalimu asisimame dirishani nyuma yake kuna jua, "uso wake giza, mtoto pata hakuna". Nilipigia mstari kila kosa la sarufi, nikahesabu, nikamfelisha. Nilitia sahihi yangu.

Baadaye ndipo nilipoelezwa kwamba mwandishi wa ile ya pili alikuwa kiziwi mwenyewe, aliyefanya kazi ya usaidizi katika shule ya viziwi kwa miaka kadhaa. Haya niliyowaeleza leo kuhusu sentensi ya mtoto nilikuwa nikiyafundisha wakati ule ule, katika semina ya Jumanne. Mwaka wa pili yake nilikwenda kusimamia utafiti wa mwanafunzi wangu katika shule moja, nikamkuta yule wa karatasi safi akifundisha. Alikuwa anaandika ubaoni na kuzungumza huku amewapa watoto mgongo. Alipogeuka, alitoa alama moja moja kufuatana na maneno ya Kiswahili aliyokuwa akiyatamka, na viambishi vyote vikapotelea hewani. Watoto walikuwa wanaongea wenyewe kwa wenyewe, kwa utulivu kabisa, chini ya madawati. Sikumlaumu. Alifanya kile ambacho mtihani wetu ulimwambia kuwa kinatosha.

Kwa hiyo nawaambia ninyi mnaojiandaa: msijipime kwa kile mnachoweza kukitoa kwa mikono, kwa sababu kutoa ni rahisi kuliko kupokea. Mwombe mtu kiziwi, mwenye umri wowote, akusimulie tukio la dakika tano. Liandike kwa Kiswahili. Kisha umrudishie kwa alama kile ulichokiandika, naye akwambie ni wapi umeongeza na wapi umepoteza. Fanya hivyo kila wiki, na watu tofauti, kwa kuwa mzee wa Tabora na kijana wa Dar es Salaam hawafanani. Jirekodi kwa simu, uitazame bila sauti. Ukizungumza huku unatoa alama, acha kimojawapo. Hakuna mtu anayeongea Kichaga na Kiswahili kwa kinywa kimoja kwa wakati mmoja. Na unaposahihisha sentensi za mtoto, andika pembeni jinsi ambavyo angelisema jambo hilo kwa mikono, kabla ya kuigusa kalamu nyekundu.

Kwa wenzangu watahini nina mambo mawili. Maudhui na sarufi ya Kiswahili vitolewe alama mbalimbali, ili mtahiniwa kiziwi ajulikane anafahamu nini. Tena sehemu ya mazungumzo isimamiwe na mtahini kiziwi, mwenye kura kamili, wala asiwe mgeni wa kupamba meza. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unazitaka nchi ziajiri walimu wenye ujuzi wa lugha ya alama, wakiwamo walimu wenye ulemavu wenyewe. Hatuwezi kuwaajiri ikiwa tunawachuja kwa kuhesabu viambishi.

Chuo kile kilikubali la pili kabla ya la kwanza. Yule niliyemfelisha alirudia mtihani, akapata cheti, akafundisha, na sasa ndiye anayekaa upande wa pili wa meza. Nimekaa naye mara tatu. Huanza na swali lilelile kwa kila mtahiniwa: umefikaje hapa leo? Ndani ya jibu mna njia, magari, kona, watu waliokutana, na wakati. Wengi huanza kwa kutahajia jina la kituo cha daladala kwa vidole, herufi baada ya herufi, huku midomo ikitamka. Yeye hungoja wamalize, kisha huuliza tena, polepole zaidi, nyusi zikiwa juu.